Neno la Siri Nililolitaja Nyabugogo

Halima na Pendo,

Leo nimeaibika mbele ya ukoo mzima wa mume wangu, na wala sikuwepo nyumbani. Nilikuwa Nyabugogo, stendi ya mabasi iliyo ng'ambo ya pili ya mji wa Kigali, nimeshika mkonga wa simu. Wenzangu wakiaibika huwa wapo palepale, angalau wanakimbilia chooni. Mimi hata pa kukimbilia sikuwa napo. Nyuma yangu kulikuwa na foleni.

Nawaandikia kwa kalamu, kwenye karatasi nilizochana katika daftari la mwanangu Aline. Kompyuta ipo sebuleni, nzima kabisa, ila mambo yake mtayasoma huko mbele. Pendo, usianze kucheka sasa. Nakujua.

Mnakumbuka niliwaambia kwamba ofisini walinunua kompyuta mpya, ile kuukuu wakanipa niwe nachapia kazi nyumbani? Tumeiweka sebuleni kwetu Niboye, juu ya meza yake, imefunikwa kitambaa nilichofuma kwa mkono wangu. Majirani huja kuitazama kama mgonjwa. Sasa, ndani ya ile programu ya kuandikia kuna jambo zuri. Faili lako unaweza kulifunga kwa neno la siri. Asiyelijua hafungui, hata awe nani. Siku niliyogundua hilo nilisema Mungu si Athumani, nimepata kabati langu mwenyewe.

Na nilihitaji kabati. Baba mkwe alikuja kutoka kijijini kutibiwa mguu, kwa kuwa mume wangu ni tabibu. Alisema wiki mbili. Hii ni wiki ya kumi na moja. Mguu ulipona wiki ya tatu. Sasa baba mkwe hajibiwi, mnajua. Akisema chakula hakina ladha, unasema ndiyo, Baba. Akisema mtoto analelewa vibaya, unasema ndiyo, Baba. Zile ndiyo zilinijaa kifuani hadi nikawa sipumui. Basi kila alasiri nikirudi kutoka kazini nilikaa mbele ya kompyuta, nikajifanya nachapa kazi za ofisi, nikaandika yote. Kwa Kiswahili. Faili nililiita RIPOTI. (Hata mimi nililionea fahari hilo jina.)

Sasa neno la siri lenyewe. Hapa ndipo nilipojiona mjanja kuliko watu.

Huku Rwanda mwanamke akishaolewa halitaji jina la baba mkwe. Halitaji kabisa, si kwa kumwita, si kwa kumsema akiwa mbali. Wenyewe wanaita gutsinda. Wakali wa mila hukwepa hata neno linalofanana na jina hilo. Na jina la huyu wangu limebeba neno la Kinyarwanda lenye maana ya 'vizuri', kwa hiyo mwaka wa tisa huu, mtu akiniuliza habari za nyumbani, najibu kwamba si mbaya. Majirani wengine wanaamini ndoa yangu inayumba.

Mnajua kwa nini nimeishika mila hiyo kuliko hata waliozaliwa nayo? Kwa sababu nimezaliwa Mwanza pamoja nanyi. Baba yangu Mnyarwanda, mama yangu Mnyarwanda, lakini siku niliyoletwa hapa, mzee alinisikiliza nikisalimia kwa Kinyarwanda changu cha kuokotaokota, akamgeukia mwanawe, akasema, "Umeniletea Muswahili." Huku neno hilo si sifa. Maana yake ni mtu wa mjini, mdomo mrefu, asiye na adabu wala kwao. Na mzee mwenyewe Kiswahili anakijua, alifanya kazi Katanga, kule Kongo, ujanani, na akisema na mimi hutumia kilekile cha huko, ili nisisahau mimi ni nani. Miaka tisa naitwa hivyo. Na miaka tisa nimengoja kitu kimoja tu kutoka kwake, aseme mbele ya watu kwamba mimi ni binti yake. Basi. Sikutaka shamba wala ng'ombe.

Kwa hiyo nilipotafuta neno ambalo hakuna kiumbe angelidhania, nililiona pale pale. Jina lake. Nani angefikiri mkwe wa kike angethubutu? Na sikilizeni hesabu zangu. Mdomo hautaji. Tena ukiandika neno la siri, kioo hakionyeshi herufi hata moja, giza tupu. Kwa hiyo sikulitaja na wala sikuliandika, ni vidole tu vilipita njia. (Ningemuuliza padri angenikatalia, ndiyo maana sikumuuliza.)

Jana alasiri nilikuwa nimekaa naandika, niko ukurasa wa thelathini na nane, habari ya chumvi. Nikasikia fimbo nyuma yangu.

"Muswahili, acha kazi ya bazungu. Andika ukoo yangu."

Leo ilikuwa siku ya posa ya Solange, dada yake mume wangu, na sherehe ilikuwa ifanyike hapa kwetu. Katika posa za huku kila upande una msemaji wake, na wetu alitakiwa kuutaja ukoo mzima mbele ya wageni bila kukosea. Ningetulia ningefungua faili jipya. Sikutulia. Nikabonyeza kitufe cha kushuka mpaka maneno yangu yakapotea juu ya kioo, nikaanza kuandika majina yake palepale chini, ndani ya RIPOTI. Chini ya chumvi.

Akataja babu, na baba wa babu, na nani alioa kwa nani, majina zaidi ya ishirini. Alipofika kwake mwenyewe akanyamaza. Mimi nikaweka nukta nukta. Aliziona. Akavuta kiti akakaa karibu nami, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu aje. Tulipomaliza nikahifadhi kwenye disketi yangu, nikafunga, nikamwambia asubuhi nitayachapa kwenye karatasi kwa printa.

Asubuhi ya leo ikafika. Nyumba imejaa mashangazi. Msemaji wetu, Mzee Athanase, naye amefika na koti lake jeusi na miwani iliyofungwa kamba. Ni katekista mstaafu. Miaka na miaka alisimama kanisani kumtafsiria padri mzungu, kipande kwa kipande, na mazoea hayo hayajamtoka. Tena hajui kusoma kimya. Hata karatasi iliyofungia sukari ataisoma kwa sauti ya misa.

Nilikuwa namimina chai mzee alipogonga fimbo chini. Watu wote wakamgeukia.

"Huyu Muswahili," akasema, "jana alifika kwa jina yangu, akaweka nukta. Hata mashini hakuiambia. Banawake ba siku hizi banataja tu." Akaniangalia. "Kesho ninarudi kwangu. Nitabaambia batu ba kilima yangu kama niko na binti hapa Kigali."

Jamani. Nilisimama na birika mkononi, chai ikajaa kikombe cha Athanase, ikajaa sahani, ikafika kwenye koti. Miaka tisa! Binti! Na kesho anaondoka, yaani Mungu kanipa vyote viwili kwa siku moja. Nilikwenda jikoni nikalia kidogo, nikanawa uso, nikarudi nikiwa mtu mwingine. Na kuchapa nikasahau kabisa.

Mume wangu akanikumbusha mitungi. Shangazi mmoja alituma pombe ya mtama kutoka Butare kwa basi dogo, na posa bila pombe ya mtama si posa. Ilibidi aende Nyabugogo mtu anayejua kugombana na wapagazi. Wote wakanitazama mimi. (Binti ndiyo, lakini Uswahili nao una kazi yake.)

Nyabugogo nikakuta basi halijafika. Vizuizi vya barabarani, wakasema, kila mzigo unafunguliwa. Saa tano. Saa tano na nusu. Saa sita. Wageni walikuwa waje saa nane. Nikaingia kwenye duka la Hajji mmoja mwenye simu ya kupigia, nikapiga nyumbani niwatoe wasiwasi. Nyumbani simu tunayo kwa sababu ya kazi ya mume wangu, iko ukumbini, hatua chache kutoka sebuleni.

Akapokea mzee.

"Alo? Ni nani?"

"Ni mimi, Baba. Mama Aline. Pombe bado, basi limechelewa."

"Pombe itakuja. Shida ni mashini. Athanase anataka ukoo, bwana yako anagongagonga, mashini inauliza neno. Leta ile neno."

Nikaitazama foleni nyuma yangu.

"Baba, naomba uniitie Baba Aline nimwambie."

"Iko na mashini. Miye niko na mudomo. Neno moja nitashindwa kubeba?"

"Hapana, Baba, ila..."

"Ni neno ya haya?"

"Hapana, Baba. Ni neno zuri kabisa."

"Basi sema."

Nikafikiri haraka, na mimi nikifikiri haraka huwa naharibu. Nikasema, "Mwambie ni jina la babu yake Aline." Nikamsikia akipiga kelele kuelekea sebuleni, "Jina ya babu ya Aline!" Vitufe vikalia. Mume wangu, maskini, ameandika jina la baba yangu mimi wa Mwanza. Ni mke gani mwenye akili angeweka la upande wa pili?

"Inakatala," mzee akasema.

Sasa Aline ana babu wawili tu. Mmoja amekataliwa. Wa pili ndiye aliyeshika simu.

"Baba, usikate. Ngoja kidogo tu." Nikafunika mkonga kwa kiganja.

Hajji akaniambia, "Mama, watu iko nangoja. Sema, uende."

Nikamnong'oneza. Nikasema neno linalotakiwa ni jina la baba mkwe wangu, na aliye kwenye simu ni baba mkwe mwenyewe. Kumbe kunong'ona kwangu kunasikika mpaka mlangoni. Foleni nzima ikaguna. Hakuna aliyehitaji kuelezwa, wote walikuwa Wanyarwanda. Mama mmoja mwenye kapu la ndizi akajishika kichwa. "Ihangane, mama," akaniambia, yaani vumilia, kama watu wanavyoambiwa msibani.

"Mficha uchi hazai," Hajji akasema, akanisukumia kipande cha karatasi na kalamu. "Andika hapa. Mwenzako atamtajia."

Nikaandika. Kwa mkono wangu huu, kwa wino, mara ya kwanza katika maisha yangu. Mama wa ndizi akapokea mkonga kwa mkono mmoja na karatasi kwa mwingine, akakohoa kidogo kama anayetaka kuimba, akasoma. Akanirudishia vyote viwili.

"Siwezi," akasema. "Na mimi baba mkwe ni hiyo hiyo jina."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka, na mimi hakika sikucheka. Hajji akapoteza subira, akaninyang'anya simu. "Alo, mzee wangu, hilo neno ni..." Hakumaliza. Hata mimi niliyesimama pembeni nilisikia.

"Weye ni nani? Ni mwanaume gani iko na bibi ya mutoto yangu?"

Hajji akanirudishia simu taratibu kwa mikono miwili. "Mimi nina wake wawili, mama. Vita ya tatu siiwezi."

"Muswahili! Uko na nani?"

"Ni mwenye duka, Baba. Niko dukani."

"Na neno yako ya siri yeye anaijua? Miye siijui, bwana yako haijui, mwenye duka anaijua?"

Mnaona jambo lilivyokuwa linageuka. Dakika moja zaidi ningekuwa mzinzi. Nikafumba macho nikalitaja.

"Munyaneza."

(Naam, nimeliandika. Limeshatajwa mbele ya foleni ya Nyabugogo, nikiwaficha nyinyi itanisaidia nini?)

Na upande wa pili mzee akaitika, "Naam?" Kwa mazoea tu, kama mtu yeyote aliyeitwa.

"Umeniita?"

"Hapana, Baba. Ndilo neno lenyewe."

"Jina yangu ndiyo kufuli?"

"Ndiyo, Baba."

"Tangu siku gani?"

"Tangu siku uliyokuja."

"Na unaifungua mara ngapi?"

"Kila siku, Baba."

Nilisikia pumzi yake. Kisha akageuka, akalitaja jina lake mwenyewe kuelekea sebuleni, polepole, kama mtu anayejiandikisha ofisini. Mume wangu akasema "Ee?" na mzee akalitaja tena. Vitufe vikalia. Mashangazi wakapiga makofi. Imefunguka.

Mzee hakukata simu. Aliuweka mkonga mezani, nikasikia fimbo yake ikielekea sebuleni. Na hapo ndipo nilipokumbuka kilichoko mwanzo wa faili. Mpaka dakika ile nilikuwa nalilia jina tu. Hivi ndivyo akili yangu ilivyo.

"Baba Aline!" nikapiga kelele kwenye simu. "Shuka chini! Nenda mwisho!" Nani anisikie?

Sauti ya Mzee Athanase ikaja, safi kabisa, sauti iliyozoea kulijaza kanisa bila kipaza sauti. "Siku ya kwanza. Mzee ameingia na masanduku mawili. Mtu wa wiki mbili haji na masanduku mawili."

Akatua. Kisha akatafsiri kwa Kinyarwanda, maana mashangazi Kiswahili hawajui, na Athanase hawezi kuwaacha waamini gizani.

"Siku ya tatu. Amesema supu yangu ni maji ya kuoshea vyombo. Ameimaliza. Ameomba nyingine."

Akatafsiri. Shangazi mmoja akacheka, akajikata katikati.

"Siku ya nne. Amemwambia Aline asizungumze kama mama yake, atakosa mume. Mtoto ana miaka minane. Kaja kuniuliza jikoni azungumzeje."

Akatafsiri. Hapo hakucheka mtu. Nikamsikia mume wangu akisema, "Mzee Athanase, nadhani huu siyo ukoo." Athanase akamjibu, "Tulia, kijana. Ukoo huanzia mbali."

Mume wangu akabonyeza kitu ili aokoe jahazi. Ukurasa ukasogea mbele, kwenye mabaya zaidi.

"Siku ya sita. Anakohoa saa kumi alfajiri ili nyumba nzima ijue kwamba ameamka. Nimemwomba Mungu ampe usingizi, hata ule mrefu."

Na hilo pia alilitafsiri. Alishusha sauti, kama afanyavyo makaburini.

Nikakata. Sikuweza zaidi. Nilipogeuka, foleni yote ilikuwa imesogea karibu na simu, maana mkonga wa Hajji unapiga kelele kama redio. Hakuna aliyeniangalia usoni. Mama wa ndizi alinishika mkono akanipa ndizi moja. Nikaila palepale, nimesimama, huku nalia.

Basi dogo likafika. Mitungi ilikuwa mizima. Nawaambia kweli, kulikuwa na gari la kwenda mpakani Rusumo limeegeshwa pembeni, dereva anaita abiria, na mimi nilisimama pale nikipima. Nguo nilizovaa zilitosha. Mwanza ningefika kesho au keshokutwa. Lakini Solange ana kosa gani? Nikapanda pikapu na mitungi yangu, mmoja nimeupakata, nikarudi Niboye kama mtu anayejipeleka mahakamani.

Niliingia kwa mlango wa nyuma. Mashangazi wakapokea mitungi bila kunisalimia. Mume wangu alikuja jikoni, akasimama, akatazama sufuria.

"Nilikuwa sijui," akasema.

"Kuhusu jina?"

"Kuhusu Aline."

Alinivua shuka begani, lilikuwa limelowa pombe, akanipa lake.

Wageni wakaja. Nikagawa pombe nikiwa nimeinamisha kichwa, naona viatu tu. Namjua kila mgeni kwa viatu vyake. Athanase akasimama na karatasi, maana hatimaye walifika ukurasa wa thelathini na nane wakauchapa, akautaja ukoo mzima kwa sauti ile ile, hakukosea hata jina moja. Akafika kwenye nukta. Wageni wakangoja. Akainua miwani akamtazama mzee.

Mzee akaegemea fimbo. "Hapo ndiyo miye," akasema. "Jina yangu muulize huyu Muswahili. Yeye ndiye anaitunza."

Upande wetu wakacheka hadi wakapigana mabega. Wageni nao wakacheka, hawajui wanacheka nini. Solange akaposwa, vigelegele vikapigwa, kila mtu akafurahi isipokuwa mimi. Nilimwona Aline mlangoni ananiangalia. Nikamtabasamia. Sijui lilikuwa tabasamu la namna gani, maana aliondoka haraka.

Saa kumi na moja wageni walipokwisha kwenda, mzee akaniita. Yuko peke yake sebuleni, amekaa kwenye kiti changu mbele ya kompyuta. Nikakaa chini mkekani. Nilikuwa tayari kwa lolote. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kuomba msamaha, ya Kinyarwanda safi, yote yakapotea.

"Bibi yangu, mama ya bwana yako, alikufa," akasema, "hajaitaja jina yangu hata siku moja. Ilikuwa heshima. Mama yangu ndiye aliita. Akakufa. Sasa ni miaka mingi hakuna mutu ananiita ile jina. Niko Mzee. Niko Baba. Kwa hospitali niko Muguu."

Nje mashangazi walikuwa wanaosha vikombe.

"Na weye uliita kila siku, na miye sikusikia."

Nililia, Halima. Nililia kama mtoto. Nikasema, "Nisamehe, Baba."

"Sijasamehe. Nitasamehe namna gani kitu sijasikia yote?" Akaninyooshea fimbo. "Iko kurasa ngapi?"

"Thelathini na nane, Baba."

"Athanase alisoma ngapi?"

"Nimesikia tatu, Baba."

Akatikisa kichwa, akaiviringisha disketi yangu katika leso yake, akaitia katika mfuko wa ndani wa koti. Disketi hiyo ndiyo pekee, nakala nyingine sina. Akasema kesho haendi popote, na Athanase atakuja kila siku baada ya chakula cha mchana. Kurasa tatu kwa siku, polepole, na tafsiri, ili mashangazi wanaobaki wasikose kitu. Mimi nitakuwa nafungua faili. Na kila ninapolifungua, amesema, nilitaje jina lake kwa mdomo, kwa sauti, na yeye ataitika.

Ile habari ya binti hajairudia. Sijathubutu kumuuliza.

Nimehesabu, kwa sababu hesabu ndiyo iliyobaki. Kesho Jumapili tunaanza ukurasa wa nne. Kwa mwendo huo, Jumamosi ijayo tutaufikia wa ishirini na mbili. Huo ndio ukurasa ambamo niliorodhesha, kwa namba, sababu kumi na nne za mbuzi kuwa mgeni bora kuliko yeye.

Msinicheke, jamani. Niombeeni umeme ukatike.